Fuso, Boda na Guta: nilivyochagua baiskeli ya umeme ya milimani

Ngazi za kushukia stoo ya jengo letu ni kumi na nne, na katikati zina kona. Nazitaja kabla ya jambo lolote kwa sababu katika maoni yote niliyosoma na video zote nilizotazama kabla ya kununua baiskeli hii, hakuna aliyezungumzia ngazi. Wote walikuwa wakibishana nguvu za mota. Mota niliizoea ndani ya siku nne. Ngazi bado sijazizoea, na huu ni mwezi wa saba.

Naishi Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, mji ulioegemea milima ya Msitu Mweusi kiasi kwamba ukitoka mlangoni na baiskeli, baada ya robo saa uko chini ya miti. Ni muuguzi wa zamu. Nina miaka 41, urefu sentimita 163, uzito kilo 68. Namba hizo zishike, tutazihitaji mbele.

Kwetu ni Marangu, mlimani Kilimanjaro. Baba alikuwa na Phoenix nyeusi. Asubuhi aliteremka nayo Himo, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma kwa mpira wa tyubu, na jioni alirudi akiikokota, shati limelowa mgongoni. Watu wa mlimani tunalijua hilo: mlima ukishuka unaipanda, mlima ukipanda unaishuka. Kwa hiyo siku bibi mmoja wa Kijerumani, rika la mama yangu, aliponipita kwenye mlima huku anapiga mluzi, na mimi nimeinamia baiskeli yangu ya kawaida ulimi nje, nilisimama nikamwangalia mpaka akapotea kwenye kona. Miguu hanizidi yule bibi. Kitu kilichomzidisha kilikuwa chini ya fremu, kinavuma kama friji.

Kwa asiyezijua, hizi ni baiskeli zenye shokapu mbele na nyuma, matairi mapana, na mota inayosaidia pale tu unapokanyaga. Ukiacha kukanyaga, nayo inaacha. Sheria za Ulaya zinairuhusu mota ya wati 250 za mfululizo, na msaada lazima ukatike ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikibaki ndani ya mipaka hiyo inahesabiwa ni baiskeli, haihitaji namba wala leseni. Wapo wanaozichokonoa ili zikimbie zaidi. Mtu wangu wa karibu aliniuliza kama naweza "kuifungua". Nikamwambia siku nikimgonga mtu na bima ikagundua, nyumba ya Marangu itauzwa. Hatukuendelea na mada hiyo.

Kazini kwetu kuna mpango wa kukodishiwa baiskeli kupitia mshahara: mwajiri anaikodi kwa miezi 36, wewe unakatwa kila mwezi kabla ya kodi, na mwisho kwa kawaida unapewa nafasi ya kuinunua kwa bei ya chini. Nikajipa wiki sita za kuzunguka. Begani nilibeba kitu kimoja ambacho kila Mswahili wa ughaibuni anacho kabatini: ile mizani ya ndoano ya kupimia mabegi kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Wauzaji walinishangaa. Lakini uzito ulioandikwa kwenye karatasi mara nyingi ni wa saizi ya wastani bila pedeli, na baiskeli isiyo na pedeli mimi sijui inampeleka nani wapi.

Majina ya waliotengeneza baiskeli hizi tatu nayaacha. Nitaziita kama nilivyokuwa naziita nyumbani.

Guta ilikuwa ya mfanyakazi mwenzangu, ameinunua mtandaoni kwa euro 1,900. Machoni imekamilika: shokapu mbili, breki za diski, taa, kioo cha namba kinachong'aa. Mota yake iko kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma, na hapo ndipo penye taabu. Shokapu ya nyuma kazi yake ni kuliacha gurudumu lipande na kushuka juu ya mizizi na mawe huku wewe umetulia. Sasa gurudumu likibebeshwa chuma cha kilo kadhaa, haliwezi kurudi chini upesi. Linaruka, linadunda, na wewe juu unadunda nalo. Tena mota ya kwenye gurudumu haipiti kwenye gia. Penye mwinuko mkali unashusha gia, miguu inazunguka, mota inalalamika. Kwa barabara ya lami ya kwenda kazini ni chombo kizuri na mwenzangu anaipenda. Ila msituni hatukwenda zaidi ya nusu saa. Kwa pesa hiyo ningenunua baiskeli nzuri isiyo na umeme, yenye shokapu ya mbele tu, na nisijute.

Zilizobaki zote mota iko katikati, penye pedeli, nguvu inapita kwenye cheni na gia. Hapo ndipo unaanza kukutana na namba za nyutoni mita, yaani nguvu ya kuzungusha. Zimegawanyika makundi mawili. Kuna nzito zenye nguvu kamili: mota za Bosch Performance Line CX na Shimano EP801 kwa miaka kadhaa zilikuwa kwenye 85, na mwaka 2025 Bosch wakatoa sasisho la programu linaloifikisha CX ya kizazi kipya hadi 100. Kuna nyepesi: Bosch SX yenye 55, au TQ HPR50 yenye 50, ambayo mota yake ina uzito usiofika kilo mbili na inanong'ona tu. Halafu mwaka 2024 ikaingia DJI, ile kampuni ya droni za kupigia picha harusi, na mota yao ya Avinox yenye 105, na ukiibonyeza kwa muda mfupi inafika 120. Hiyo niliipanda siku ya majaribio, dakika ishirini hivi. Nilicheka kwa sauti peke yangu. Ilinipandisha penye mwinuko ambao hata kwa miguu ningeshika miti. Lakini duka langu halikuwa likiiuza, na nilipopanda ya pili nikajiuliza swali la kiuguzi: mgonjwa huyu anahitaji dozi hii? Mimi mbio sishindani. Nguvu za 85 tayari zinanipandisha kila njia inayoruhusiwa hapa.

Na kuruhusiwa si neno la kupita haraka. Jimbo hili la Baden-Württemberg lina kanuni kwamba baiskeli haziruhusiwi kwenye njia ya msituni yenye upana chini ya mita mbili, isipokuwa zile zilizotengwa rasmi. Freiburg ina bahati ya kuwa nazo. Borderline inateremka kutoka mlima Rosskopf, na ziko nyingine kama Canadian na Badish Moon Rising. Zinatunzwa na chama cha waendesha baiskeli wenyewe, watu wanaotoka na majembe Jumamosi. Kwa hiyo mshindani wangu wa kweli alikuwa Rosskopf. Kilele mita 737, mji uko kwenye mita 278. Tofauti karibu mita 460, unapanda kwa barabara ya magari ya misitu, unashuka kwa njia ya mizizi.

Boda na Fuso nilizipata duka moja. Boda: fremu ya kaboni, mota ya SX, betri ya wati-saa 400 (ndicho kiasi cha umeme inachobeba) iliyofichwa ndani ya fremu, kilo 18.6 kwenye mizani yangu, bei euro 6,300. Fuso: alumini, mota ya CX, betri ya wati-saa 750 inayochomoka, shokapu ya mbele milimita 160 na ya nyuma 150, gurudumu la mbele inchi 29 na la nyuma 27.5, kilo 25.2. Ni begi la Krismasi lililozidi kikomo cha ndege kwa kilo mbili na ushee. Bei yake ya awali ilikuwa euro 5,900. Kwa kuwa ni ya mwaka uliopita na maduka ya Ulaya yalikuwa bado yamejaa baiskeli zilizoagizwa kwa wingi mno baada ya korona, ilikuwa imeshushwa hadi 4,600.

Nilimpigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Enhe, umesema unanunua nini?"

Nikamweleza. Akaniambia nibadilishe iwe ya nyumbani. Nikabadilisha, ikazidi milioni kumi na mbili. Kimya kidogo, halafu nikasikia anaongea na mtu pembeni.

"Kaka yako anasema hizo ni pikipiki nne mpya."

"Ndiyo mama."

"Na bado unakanyaga?"

Sijapata jibu la swali hilo mpaka leo.

Jaribio la kwanza Fuso ilishindwa vibaya. Nilishuka nayo kipande kidogo cha Borderline na mikono ikafa ganzi. Kila mzizi ulipita moja kwa moja mpaka kwenye meno, kama vile niko kwenye mkokoteni. Boda, iliyokuja baada yake, ilikuwa laini. Nilirudi dukani nikiwa nimeshaamua, mkononi natafuta kalamu. Fundi, mzee mmoja mwenye mikono myeusi kwa grisi, akaniuliza nina kilo ngapi. Nikamwambia. Akaiangalia Fuso, akacheka, akasema aliyeipanda asubuhi alikuwa jamaa wa kilo mia.

Kilichofuata nakieleza kwa kirefu maana naona ndicho kitu chenye faida kuliko vyote humu. Shokapu ya nyuma ya baiskeli hizi haina springi ya chuma; ina hewa. Kwenye mti wake unaong'aa, ule unaoingia na kutoka, kuna kijipete cha mpira, chembamba kama cha kufungia noti. Fundi alikisukuma kwa ukucha mpaka kikagusa mwili wa shokapu. Akaniambia nipande taratibu, nivae na begi langu la mgongoni na maji yake, nisimame juu ya pedeli jinsi ninavyosimama nikishuka, nisirukeruke, halafu nishuke chini polepole. Kile kijipete kinabaki pale uzito wako ulipokifikisha. Akapima kwa rula: milimita 8. Mti ule una mwendo wa milimita 65, na mtu akipanda tu inatakiwa uzame kati ya robo na theluthi yake. Kwangu alitaka 19. Akafungua kifuniko kidogo cha valvu, akafunga pampu ndogo yenye saa ya presha, akawa anatoa hewa kidogo, ananipandisha, anapima, anatoa tena. Tulianzia presha ya psi 190, tukasimama 145. Mara tano nilipanda na kushuka kama mtoto kwenye mizani ya kliniki. Halafu akafanya ya mbele, halafu akageuza kile kijinobu chekundu kinachoamua shokapu irudi kwa kasi gani, akakandamiza siti kwa kiganja, akasikiliza, akageuza tena mibofyo miwili.

Nilipoipeleka tena msituni wiki iliyofuata, ilikuwa baiskeli nyingine. Mizizi ileile, lakini mikono ilikuwa yangu tena.

Kwa hiyo mwanamke yeyote, au mwanaume mwepesi, anayekwenda kujaribu: kama hawajakupimia hewa kwa uzito wako, usiseme umeijaribu. Umejaribu baiskeli ya aliyetangulia. Nililazimika kuzirudia zote mbili upya, na pampu ya shokapu nikainunua siku hiyohiyo.

Sasa ziko sawa, tukapandishana Rosskopf. Boda ni tamu, sikatai. Kwenye kushuka unaigeuza kwa nyonga tu, unairusha juu ya jiwe kwa kuvuta usukani kidogo, inakwenda unakoangalia. Ila kwenye kupanda mota yake inataka miguu inayozunguka haraka. Ndipo inatoa kila ilicho nacho. Ukikanyaga polepole kwa uzito, kama ninavyokanyaga mimi nikitoka zamu ya usiku, inakusaidia kwa heshima tu. Fuso haijali. Kanyaga unavyotaka, inasukuma. Kwenye kushuka ni nzito, inataka ufunge breki mapema, na kona kali unaiingiza kwa kuamua, si kwa kubahatisha. Lakini ikishaingia kwenye mawe inatulia chini kama lori lenye mzigo. Breki zake zina pistoni nne kila gurudumu na diski za milimita 200, na kwa kilo 25 pamoja na mimi usikubali pungufu ya hapo. Gurudumu dogo la nyuma nililidharau kama mtindo wa vijana. Kumbe kwa mfupi lina kazi. Penye mteremko mkali unapoketi nyuma kabisa ya siti, tairi kubwa huwa linakugusa mahali ambapo hupendi kuguswa na tairi.

Moyo wangu ulikuwa kwa Boda. Nasema wazi. Kama ningeishi kwenye nyumba ya chini yenye gereji, ningekuwa naandika mambo mengine.

Naishi ghorofa ya tatu. Baiskeli zinalala stoo, chini, na stoo yetu haina soketi hata moja. Taa inawashwa kwa kitufe kinachojizima chenyewe baada ya dakika tatu. Betri ya Boda haitoki bila fundi kufungua bolti za mota. Maana yake kila nikitaka kuchaji ningebeba baiskeli nzima, kilo 18.6, kutoka chini ya ardhi hadi ghorofa ya tatu, nipite mlangoni kwa jirani ambaye hata viatu kwenye korido anaviandikia barua. Betri ya Fuso inatoka kwa ufunguo. Ina kilo 4.4. Naikwapua chini ya mkono kama mkate, napanda nayo, inachajiwa jikoni karibu na birika. Na hapa mizani ya mabegi ikafanya kazi yake ya mwisho: toa betri, Fuso inabaki kilo 20.8. Kwa hiyo pale kwenye ngazi kumi na nne, tofauti kati ya lori na pikipiki ni kilo mbili na gramu mia mbili. Kwa hizo nilikuwa niongeze euro 1,700.

Nikasaini ya Fuso.

Mambo ya betri watu wanauliza sana, na majibu ya "inategemea" yanaudhi, kwa hiyo chukua hesabu ya darasani. Mimi, Fuso na begi ni kilo 98. Kutuinua mita 460 mpaka Rosskopf kunataka wati-saa 123 hivi, ukiacha zinazopotea kwenye msuguano na joto. Sehemu ninatoa mimi kwa miguu, sehemu betri. Nikiwa kwenye msaada wa kati, kioo kinaniambia kila kupanda kumekula asilimia 16 hadi 18. Kwa hiyo Rosskopf tano kwa siku zinawezekana, ila mikono yangu inakoma kwenye ya tatu. Kwa betri ya 400 ningeipanda mara tatu nikiwa na wasiwasi. Ukijua urefu wa mlima wako na uzito wako unaweza kujipigia mwenyewe kabla muuzaji hajakuuzia betri ya pili.

Hesabu hiyo ina adui mmoja: baridi. Januari niliiacha betri ilale stoo, uvivu tu, asubuhi nikaipachika ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikapanda Schauinsland, mita 1,284, kwenye msaada wa juu kabisa kwa sababu vidole vilikuwa vinauma na nilitaka kufika. Nilipofika nikaona bado ipo, nikasogea mpaka Notschrei, kipito cha mlimani kilicho mbele yake. Kurudi, mwinuko wa mwisho bado uko mbele yangu, kioo kikaonyesha sifuri. Mota ikazima. Fuso isiyo na umeme, kilo 25, kwenye theluji iliyokanyagwa ikawa barafu. Nikashuka, nikashika usukani kwa mkono mmoja na siti kwa mkono mwingine, nikaegemeza bega, nikasukuma. Katikati ya mwinuko nikagundua nimeshika vilevile alivyokuwa anashika baba, mkono wa kulia nyuma ya siti. Nikacheka, nikaendelea. Tangu siku hiyo betri inalala chumbani, na msaada wa juu nautumia penye mwinuko mkali tu.

Sasa kwa walioko nyumbani, maana ujumbe mwingi unatoka Moshi na Arusha: dada, nikuagize unijie nayo? Huwezi, siwezi. Mashirika ya ndege yanakubali betri ya lithiamu mpaka wati-saa 100 bila maswali, mpaka 160 kwa kibali, na zaidi ya hapo abiria haruhusiwi kabisa, si ya mkononi wala ya mzigo. Betri yangu ni 750. Inabaki kutumwa kama mzigo wa hatari, na makaratasi yake. Na ikifika bado kuna jambo zito zaidi. Mota hizi zikigoma, fundi anaunganisha kompyuta yenye programu ya kiwanda, na programu hiyo inapewa maduka yaliyosajiliwa. Fundi wa chini ya mwembe, ambaye mimi namheshimu kuliko wengi wenye vyeti, atakunyooshea rimu kwa macho na kukuzibia pancha ukisimama hapohapo. Lakini mota iliyofungwa kwa siri za kiwanda hana pa kuishikia. Ukiwa Tanzania na huna wakala wa mota hiyo karibu, nunua baiskeli nzuri ya milimani isiyo na umeme. Vipuri vyake fundi atavitafuta, akikosa atavichonga.

Linaniuma, sitaficha. Picha niliyokuwa nayo kichwani tangu mwanzo ilikuwa ni mimi napanda kutoka Himo mpaka Marangu Mtoni bila kushuka hata mara moja, mzee amekaa getini. Yuko na miaka 74. Phoenix ipo, matairi yameoza, imeegeshwa nyuma ya banda la ng'ombe. Nilimtumia video badala yake, ile ya kupanda Rosskopf. Akaitazama mara mbili, akauliza swali moja: nyuma inafungwa wapi mzigo? Haifungwi, baba. Haina keria. Akasema, "Basi hiyo ni ya kutembelea."

Gharama za baada ya kununua ni kubwa kuliko nilivyodhani. Nguvu yote ya mota inapita kwenye cheni moja nyembamba; yangu ilikuwa imevutika ikabidi ibadilishwe baada ya kilomita 1,050. Ukichelewa inakula na meno ya gia za nyuma, na hizo ndizo zenye bei. Pedi za breki za nyuma niko kwenye seti ya tatu. Matairi yaliyokuja nayo yalikuwa na ngozi nyembamba, nilipata pancha mbili mwezi wa kwanza. Nikaweka yenye kuta nene na dawa ya kuziba ndani badala ya tyubu, pancha zikaisha, baiskeli ikaongezeka nusu kilo ambayo sijaihisi. Huduma ya kwanza duka langu lilinipa tarehe wiki nne mbele, katikati ya majira ya kuchipua, wakati kila mtu anataka kutoka. Kuanzia sasa nitapeleka Novemba, msituni kukiwa na tope na mimi nina zamu nyingi.

Kitu kimoja nisingekubali tena kununua baiskeli bila hicho, na wala si cha umeme: nguzo ya siti inayozama kwa kubonyeza kitufe cha kidole gumba. Kupanda siti iko juu, mguu unanyooka. Kileleni unabonyeza, unaikalia, inazama, unashuka umejikunja huru. Kwa mwenye sentimita 163 hii ndiyo tofauti kati ya kushuka na kuanguka. Ya kwangu inazama milimita 150. Waliniambia wafupi huwekewa 125 na nikagoma, na nilifanya vizuri kugoma. Pimeni wenyewe dukani, msipangiwe.

Siti yenyewe, ile ngozi unayokalia, iliyokuja nayo ilikuwa nyembamba, imetengenezwa kwa nyonga za mtu mwingine kabisa. Niliivumilia wiki mbili. Iko kwenye boksi juu ya kabati, haina mkwaruzo. Anayeitaka aliye karibu na Freiburg aje Jumapili mchana, baada ya misa, na kama ana nguvu za mikono anisaidie kushusha Fuso ngazi kumi na nne.